Fuawe kwanza, mengine yatafuata

Ushauri wangu kutoka Lugulu, huku Webuye, Kenya: kijana anayetaka kuanza uhunzi asikope pesa za vifaa vipya. Karibu kila kitu kipo kwa wauza vyuma chakavu wa Bungoma na Kitale.

Cha kuhangaikia ni fuawe. Tafuta pande zito la chuma cha pua, hata kichwa cha nyundo kubwa. Lizamishe kwenye gogo la mkaratusi, na gogo ulifukie ardhini hadi uso wa fuawe ulingane na konzi yako ukiwa umesimama wima. Kabla ya kulipa, ligonge. Likiirudisha nyundo juu, lichukue. Nyundo ikilala hapo, achana nalo. Wengi hukimbilia kipande cha reli. Usikiguse bila risiti! Reli ni mali ya umma, na uharibifu wa miundombinu ndio uliofanya serikali ipige marufuku kwa muda biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, mafundi waaminifu wakaumia pamoja na wezi.

Mvukuto ni gurudumu la baiskeli, mkanda na feni ndogo. Jiko ni rimu kuukuu iliyokandikwa udongo. Springi za lori hutoa panga safi sana. Ila mabati na mabomba yenye zinki usiyatie motoni kamwe, moshi wake ni sumu.

Naomba vyuo vya ufundi vya kaunti navyo viupe uhunzi nafasi kando ya uchomeleaji.