Mpira wa Kupumulia Si Raha ya Daktari

Mwenye makala ya juzi anatuambia mpira wa kupumulia ni raha ya daktari tu. Mgonjwa wa nusu kaputi apewe barakoa na aachwe apumue mwenyewe, kama zamani. Zamani ipi? Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alichapisha uchunguzi wa uzazi 44,016. Akina mama 66 walivuta vya tumboni hadi mapafuni wakiwa katika usingizi wa nusu kaputi, na wawili walikufa kwa kupaliwa na chakula kigumu.

Usingizi huo si wa kitandani. Kukohoa na kumeza huzimika. Ikiongezwa dawa ya kulegeza misuli, hata misuli ya kupumulia inalala. Utapumuaje mwenyewe? Ndipo mpira unapopitishwa katikati ya nyuzi za sauti, na kiputo chake kujazwa hewa kwa bomba la sindano mpaka kizibe pembeni.

Koo hukereketa siku moja mbili, na jino lililolegea laweza kung'oka, hilo sikatai. Wala si kila upasuaji unaudai mpira: ipo barakoa ya koromeo aliyoibuni Mwingereza Archie Brain mwaka 1981, na wajawazito wengi siku hizi huchomwa sindano ya mgongo tu.

Ukali wako, mwenye makala, uelekeze panapostahili: uliza kama chumba cha upasuaji kina kifaa cha kupima kabonidioksaidi, maana ndicho kinachothibitisha kwamba mpira umeingia njia ya hewa, si ya chakula. Nawe msomaji, ukiulizwa kabla ya upasuaji umekula lini, sema kweli, hata kama ni chai ya maziwa.