Patron anarudia kwao, farasi muzee anabakia na nani?

Kontra ikiisha, patron anauzisha vitu. Motokari inapata mwenye kuinunua kwa siku mbili. Frigo, mashini ya umeme, viti vya salon, vyote vinaenda. Hata farasi kijana, mwenye kupandwa, anapata mutu. Mwenye kubakia pale mwisho ni ule poni, farasi mufupi, mwenye miaka 22 ao 24. Watoto waliokuwa wanamupanda wamekomaa zamani. Leo hii kazi yake ni kukaa karibu na farasi wengine kusudi wasikuwe peke yao. Hakuna mwenye kumulipia hata franga moja. Basi siku mbili mbele ya ndege, patron anamwita mutumishi aliyemutunza miaka yote, anamupa kamba mukononi, anasema: "Chukua, ni wako. Wewe ndiye unamupenda." Na wote pale wanaona kama ni zawadi.

Sisi tunasema: hapana, ile haiko zawadi.

Tunajua wamoja watacheka. Watasema: wakreseri wanafunikwa na udongo mu mashimo, mishahara inachelewa, watu wa sutretansi hawana hata karatasi ya kontra, na sendika inatuletea habari ya farasi! Wacheke. Sendika inaleta habari ya mutu, na ule mutu iko na kamba mukononi. Mutumishi wa lupango ni mutumishi sawa na ule wa mugodi. Anatumika miaka nane, miaka kumi, na siku ya mwisho anapewa nyama muzee pa nafasi ya makuta yake. Tulishapokea zaidi ya mutu mumoja mwenye hali hii. Kila mara hadisi ni ileile: karatasi hakuna, patron alishavuka mupaka, simu haipiti tena.

Tufanye hesabu kidogo, sababu wenye kutoa hizi zawadi hawaifanyaka. Poni wa kilo 200 anaomba karibu kilo 4 za majani makavu kila siku. Hapa kwetu Katanga, tangu mwezi wa tano mupaka mwezi wa tisa mvua hakuna, pori inaunguzwa, majani inageuka majivu. Tena farasi akizeeka meno yanaisha kwa kusaga. Anatafuna, halafu majani inatoka mu kinywa imeviringika, haikushuka. Wa vile anaomba chakula cha kulowanisha, kilaini, na ile ni ya kununua. Kwato zake zinaomba kukatwa kila juma sita ao nane na mutu mwenye kujua, na wenye kujua ni wachache sana. Poni anaweza kufika miaka 30, wengine wanapita. Mwenye miaka 22 iko na miaka nane mbele yake. Miaka nane ya kulisha, mu nyumba ambamo bukari ya watoto inatafutwa kila asubuhi! Unampa mutu kinywa kingine cha kulisha, na unamukamata kazi siku ileile.

Na nyama naye hana kosa. Farasi haiko nyama ya kukaa peke yake. Anakula akitulia sababu mwenzake anachunga, analala sababu mwenzake amesimama. Ukimutosha mu kundi na kumufunga nyuma ya nyumba ya kartie, karibu na jiko na redio, atazunguka kamba yake mupaka udongo utoke vumbi, ataita, ataacha kula. Hata mutu mwenye roho nzuri hawezi kumaliza hiyo kwa mapendo.

Wengine wanauliza: ju ya nini patron asiende naye? Hapa tuseme kweli, si kila mara ni roho mubaya. Iko ugonjwa wenye kuitwa peste équine africaine, tuseme tauni ya farasi ya Afrika. Unaletwa na vidudu vidogo kuliko mbu, vyenye kuuma usiku. Punda na punda-milia wanaweza kubeba ugonjwa na wakaendelea kutembea. Farasi, akishikwa upande wa mapafu, karibu kila mara anakufa. Mwaka 1987 Hispania ilipokea punda-milia kutoka Namibia, ugonjwa ukatoka ndani yao, ukaua farasi kule mupaka 1990, ukafika hata Ureno na Moroko. Tangu pale Ulaya haisahau. Farasi wa inchi zetu haingii kule hivi hivi, hata mwenyewe awe na franga nyingi namna gani. Na kwa njia ya barabara? Kuvuka Kasumbalesa kunaomba barua za munganga wa nyama na ruhusa ya pande mbili. Mwenye kujua ule mulolongo wa malori anajua namna inaweza kuchukua siku na siku mu jua. Nyama mwenye miaka 24, miguu yenye kuvimba, asimame pale ndani ya lori?

Basi kubakia atabakia. Swali ni namna gani anabakia.

Sisi watu wa migodi tungepashwa kuielewa mbele ya wengine wote. Kule Uingereza, mwaka 1842, sheria ilikataza wanawake na watoto wenye kupungua miaka 10 kutumika chini ya udongo. Kazi ya kuvuta magari ya makaa ikaongezeka juu ya mugongo wa hawa farasi wafupi. Mu 1913 walikuwa karibu 70.000. Kwenye mashimo marefu walilala chini, walikula chini, wengine waliona jua tu wakati wa likizo ya mugodi. Sheria ya 1911 ndiyo ilisema farasi asishuke kama hajatimiza miaka 4, na ikapanga habari ya mazizi na matunzo yake. Kwa nini sheria? Ju wachimbaji wenyewe walisema. Mutu aliyetumika na farasi wake mu giza anajua: yule farasi alisimama akakataa kuendelea, kiisha mwamba ukaanguka mbele. Wachimbaji waligawanya naye mukate wao.

Halafu mashini zikaingia, migodi ikafungwa, na farasi wakawa wa bure. Wengi, wa wakati wa kwanza hasa, waliishia kwa muchinjaji, tusidanganyane. Lakini mu 1994, wakati mugodi wa Ellington, kule Northumberland, ulitosha farasi wake wa mwisho, walikuwa wanne tu na walitafutiwa nafasi: makumbusho ya migodi, nyumba ya kutunza nyama. Waliokuwa 70.000 wamepata heshima pale walipobakia wanne. Hiyo inatuambia kitu juu ya saa ambayo heshima inafikaka.

Tuna hadisi nyingine, ya karibu na sisi zaidi. Mu 1911 mwanamuke mumoja wa Uingereza, Ada Cole, alisimama pa bandari ya Antwerp, Ubeleji, akaona farasi wazee wa kazi wanashushwa mu mashua. Walitoka Uingereza. Walichoka, walichechemea, na walipelekwa kuchinjwa. Wenyewe waliowatumikisha walikuwa ngambo ya bahari, hawakuona kitu. Mu 1927 akaanzisha shirika la kupigana na biashara ile. Uingereza imekataza kabisa kutuma farasi hai inje kwa kuchinjwa mu 2024. Hesabuni miaka.

Mwenye kusoma gazeti hili anaona kule tunakwenda. Mu 2003, hapa Katanga, watu zaidi ya 10.000 waliambiwa ni "kuondoka kwa kupenda". Walipewa kitita cha makuta, wakashukuriwa, wakaambiwa waende vizuri. Wengine wenu munaosoma hapa ni watoto wao. Munajua kitita kile kilifika wapi. Ile siku wengine walinunua kinga, wengine mashini ya kusaga, na miaka miwili nyuma watoto walikuwa nje ya masomo. Kwa hiyo mutu akitupa kamba na neno tamu, masikio yetu inasikia mbali.

Tunaomba nini? Hatuombi patron alie pa ndege. Tunaomba aanze miezi sita mbele, si siku mbili. Atafute nafasi kwa wenye farasi wengine, aende aone mwenyewe zizi, maji, majani ya wakati wa jua. Kama poni muzee iko na mwenzake aliyezoea, waende wote wawili ao wasiende. Tena asiseme "nimekupa": aseme "nimekukopesha", na aandike. Mukopo maana yake mwenyewe anabakia mwenye deni ya chakula, ya munganga, ya kwato. Karatasi iseme ni franga ngapi kila mwezi, inapita kwa simu ya nani, na nani iko na ruhusa ya kukata shauri siku nyama hawezi tena kusimama. Leo mutu anaweza kutuma makuta kwa M-Pesa ao Airtel Money kwa dakika moja. Neno "ni mbali" halina tena uzito.

Na kama nafasi haikupatikana? Hapa tutasema neno ambalo wamoja hawatalipenda. Nyama mwenye maumivu, bila meno, bila mwenzake, munganga amulalishe pole pole mbele ya patron kuondoka, na patron awe pale, amushike kichwa. Ni ngumu kuliko kutoa kamba. Lakini kamba inatupa ile siku ngumu juu ya mutumishi, na yeye hana franga ya munganga. Siku ile kwake itakuwa na panga.

Kwa nyinyi watunzaji, na kwa wake zenu ambao mara nyingi wanaona mambo mbele ya bwana. Sheria ya kazi ya 2002 inawahesabia watumishi wa nyumba pia. Mushahara unalipwa kwa franga, haulipwi kwa nyama, wala kwa kitanda cha zamani. Siku kontra inaisha munapashwa kupokea dekonte, siku za preavi kama hamukuzitumika, na karatasi yenye kuonyesha tarehe mulianza na tarehe mulimaliza. Kama patron anataka muendelee kumutunza poni wake, ile ni kazi mupya, na kazi mupya iko na kontra mupya. Mumwambie kwa heshima, hata kwa kucheka, lakini mumwambie pale angali na funguo za nyumba mukononi. Kamba muikatae mupaka dekonte iwe imehesabiwa juu ya meza. Na kama kuna karatasi musiyoelewa, musitie sahihi; muilete kwa delege wa sendika wenu. Tutaisoma pamoja, hata siku ya mungu nyuma ya ibada.