Wanayoyasema Murusagamba kuhusu mwaka wa kwanza chuoni

Anayesomea ualimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hamalizi mwaka wa kwanza kwa mapumziko. Mitihani ikiisha anapangiwa shule akafundishe kwa vitendo. Mimi ni mmoja wao, na nimefundisha wilayani kwetu Ngara, na muda huo nimekuwa nikisikia nyumbani, Murusagamba, yanayosemwa juu ya watoto walio mwaka wa kwanza vyuoni. Yanasemwa dukani, kilabuni kwenye rubisi, nje ya kanisa, hata katika chumba cha walimu. Hayasemwi kwa chuki, na wengi wa wasemaji wamechangia nauli za watoto wasio wao. Lakini ndiyo yanayoamua binti yupi atajaza fomu na yupi ataambiwa akae. Kwa sababu hiyo nayajibu.

Linalosemwa kuliko yote ni hili: mwaka wa kwanza ndio unaotenganisha wenye akili na wasio nazo. Mtoto akirudi na sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, kijiji kizima kinajua kwamba "chuo kimemshinda".

Kila anayeingia chuo kikuu kwa njia ya kidato cha sita amepita mlango uleule: ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi, na jumla ya pointi zisizopungua nne. Akili ya kuingia anayo. Kinachomkuta ndani ni utaratibu ambao hakuna aliyemweleza. Kidato cha tano na cha sita alisoma miaka miwili akisubiri mtihani mmoja wa taifa. Chuoni muhula ni miezi michache tu, kozi ni tano au sita, na katika kozi nyingi alama 40 kati ya 100 zinatokana na majaribio na kazi za katikati ya muhula. Aliyezoea kujiandaa kwa ajili ya mwisho anashtuka alama 40 zimekwisha kugawiwa, naye ana 15. Katika shule zetu za kata mwalimu huandika ubaoni, mwanafunzi akanakili, na alichonakili ndicho kitakachoulizwa. Chuoni mhadhiri huzungumza mbele ya mamia ya watu, hutaja vitabu, kisha huondoka. Aliyetoka shule yenye maktaba anajua kwamba kazi ndiyo inaanza hapo. Aliyetoka shule isiyo na maktaba anadhani kipindi kimekwisha. Mtu akiniambia tofauti ya hao wawili ni akili, namwomba anieleze akili imeingilia wapi.

Halafu kuna hesabu. Wastani wa shahada hukusanywa miaka yote. Mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu mwenye 2.8 mwaka wa kwanza, akipata 3.8 wa pili na 3.9 wa tatu, kozi zikiwa na uzito sawa, anahitimu na 3.5, na hilo ni daraja la pili la juu. Mwaka wake wa kwanza haukumtenganisha na chochote. Hesabu hiyohiyo inawajibu wale wa miaka ya juu wanaowaambia wageni kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira, kusoma ni mwaka wa pili. Mwaka huo wa kwanza ni theluthi moja ya shahada. Anayeipoteza kwa ushauri huo atatumia theluthi mbili zilizobaki kuifukuzia.

Sikatai kwamba wapo wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni kwa kufeli. Wapo, na inauma. Ila kabla ya kusema hakuwa na akili, tuulize alikuwa akilala wapi na akila nini.

La pili linahusu Kiingereza: watoto wa shule za kata hawakijui, kwa hiyo wasijisumbue na chuo. Hapa kuna ukweli ambao siwezi kuuruka. Mtoto wa Murusagamba huanza na Kishubi nyumbani, akajifunza kusoma na kuandika kwa Kiswahili darasani, na kufika kidato cha kwanza anaambiwa sasa kila kitu ni Kiingereza. Ni lugha ya tatu hiyo. Miaka sita ya sekondari mwalimu, kwa huruma, anamweleza somo kwa Kiswahili kisha anamwandikia maelezo kwa Kiingereza, naye anayakariri. Ndipo anafika chuoni anatakiwa aandike insha ya kurasa kumi, yenye hoja yake mwenyewe, kwa lugha ambayo hajawahi kuijengea hoja.

Kwa hiyo ndiyo, Kiingereza kinawaangusha wengi. Ninachokataa ni ile "kwa hiyo wasijisumbue". Nendeni Mlimani, kampasi kuu ya chuo, jioni mkaone vimbweta, zile meza na mabenchi ya zege yaliyotawanywa chini ya miti. Watano, sita wamekaa na desa moja, yaani maelezo ya kozi yaliyotolewa kopi, wanabishana kwa Kiswahili mpaka jambo lieleweke, kisha kila mmoja anakwenda kuliandika kwa Kiingereza. Anayekaa kwenye kimbweta mwaka mzima Kiingereza chake hubadilika, kwa sababu sasa kuna wazo linalotafuta maneno. Anayejifungia chumbani kwa aibu ya lafudhi yake ndiye anayebaki nyuma. Na mtoto wetu ana sababu ya ziada ya kuona aibu: Kishubi hakiko mbali na Kirundi, na wapo watakaomtania kwamba ni Mrundi. Aende akilijua hilo mapema, asije akanyamaza mwaka mzima kwa ajili ya utani.

Tena chuo hichohicho kinatoa ushahidi kwamba elimu ya juu haikufungwa kwenye lugha moja. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, iliyopata umbo lake la sasa mwaka 2009, hufundisha kozi zake kwa Kiswahili, na wanafunzi wake huandika tasnifu kwa Kiswahili. Na katika somo la maendeleo, ambalo kila mtu hulisoma, mtoto aliyechuma kahawa ya babake huanza na kitu mkononi. Walter Rodney alikuwa mwalimu wa historia Mlimani kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoifanya Afrika kuwa duni kilipotoka mwaka 1972. Mnapofika humo kwenye mazao ya biashara na bei ambayo mkulima hana kauli juu yake, wa kwetu hahitaji mfano wa kitabuni.

Sasa la tatu, bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa serikali. Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa kuwa linatoka midomoni mwa watu wanaompenda mtoto. "Serikali inamlipa kusoma, atume na nyumbani."

Tuhesabu pamoja. Fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 ikawa 10,000. Hutolewa ya takriban miezi miwili kwa mkupuo, yaani kama 600,000. Ukiitazama kutoka huku, ni mbuzi kadhaa kwa siku moja, na ninaelewa macho yanavyowaka. Lakini kule ni chai na chapati asubuhi, wali maharage mchana, ugali usiku, na hapo imebaki chini ya nusu. Iliyobaki ilipe chumba, daladala, bando la intaneti na kutoa kopi za madesa. Asiyepata nafasi ya bweni hubebwa, yaani hulala kitanda kimoja na mwenzake aliyepata. Na si kila mkopaji hupewa vipengele vyote kikamilifu. Wengine ada inawabaki kichwani.

Tena neno "kulipwa" si sahihi. Ni mkopo. Akiajiriwa, mwajiri atakata asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Anayemwomba laki moja kutoka kwenye bumu anakula mshahara ambao mtoto hajaupata. Na zile wiki za kwanza hata bumu lenyewe halipo, maana lazima kwanza asajiliwe na asaini, ilhali amekwisha safiri zaidi ya kilomita 1,200, Nyakanazi, Kahama, Singida, Dodoma, mpaka Dar. Njaa haisubiri usajili. Mtoto anayeondoka Murusagamba msimu wa kupanda maharage aondoke na fedha ya kula mwezi mzima. Kama kuna mwezi ambao nyumbani inapaswa kutuma, ni huo.

Hapo ndipo linapoingia la nne, kwamba binti akipelekwa Dar anaharibika. Mabinti wanaopata mimba wanazipata hapahapa, wakiwa sekondari, wengine msingi. Ndiyo sababu mwaka 2016 sheria ya elimu iliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na ndiyo sababu Novemba 2021 serikali iliruhusu waliojifungua warudi shuleni. Binti aliyevuka yote hayo mpaka kidato cha sita amekwisha jilinda kuliko tulivyomlinda sisi.

Hatari chuoni zipo. Yupo mwanamume mwenye gari anayejua bumu linakatika lini. Yupo anayedai ngono ili atoe alama, na huyo anatenda kosa chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya mwaka 2007. Binti aambiwe hivyo kabla hajapanda basi, aambiwe pia kwamba akipiga simu nyumbani hatalaumiwa. Ila nimetazama mwaka mzima, na kinachomsogeza msichana karibu na hatari hizo mara nyingi ni kukosa hela ya kula. Wanaosema ataharibika, kisha wakamtaka atume fedha, ndio wanaomfungulia njia hiyo kwa mkono wao.

Wanaosema ajira hakuna, kwa hiyo bora bodaboda, nawajibu kwa kifupi. Ajira ni ngumu kweli. Lakini mtambo wa umeme wa Rusumo, wa megawati 80, uko wilayani kwetu, na nikeli ya Kabanga iko wilayani kwetu. Wahandisi watahitajika tupende tusipende, na watatoka mahali fulani.

La mwisho ni kwamba mkopo ni kwa wenye watu serikalini. Chuo hiki kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na wanafunzi wachache tu, wote wa sheria, na wakati huo ningekubali kwamba Murusagamba haikuwa na njia ya kufika. Leo maombi ya mkopo hufanywa kwa mtandao, na kinachowakwamisha wengi wa kwetu ni makaratasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Wazazi wengi huku wamezikwa bila cheti chochote. Fomu ipitie serikali ya kijiji, kisha kwa wakili au hakimu. Dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka, wengi wa waombaji wakiwa kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) au wametoka juzi, na huwezi kuanza kutafuta cheti cha kifo cha mwaka 2009 katika muda huo mfupi. Mzazi mwenye mtoto kidato cha tano aanze safari ya Ngara mjini mwaka huu, na mtendaji wa kijiji amwandikie barua leo.