Namba za Korona: Sisi wa Likoni na Kisauni Tulihesabiwa Kweli?

Msee, si unakumbuka 2020? Kila alasiri tivii ya kinyozi inawekwa sauti, Mutahi Kagwe anasoma namba: tumepima wangapi, wamepatikana wangapi, waliotuacha ni hawa. Halafu anaanza kushuka, Mvita, Nyali, Likoni, Kisauni, Changamwe, na nyinyi mnabishana. Mmoja anasema zimeongezwa ili wapate doh za wazungu. Na baada ya ile sakata ya Kemsa, manze, nani angekulaumu kwa kushuku?

Lakini cheki hii. Kufikia 31 Julai 2020, Kenya nzima ilikuwa imetangaza maambukizi 20,636 na vifo 341. Wakati huo watafiti wa KEMRI-Wellcome pale Kilifi walikuwa washapima damu ya watu 3,098 waliojitolea kuchangia, kati ya Aprili na Juni. Walikuwa wanatafuta alama kwamba mwili ushapigana na hiki kirusi. Kitaifa wakapata asilimia 4.3. Mombasa? Asilimia 8.0, juu hata ya Nairobi.

Sasa piga hesabu. Sensa ya 2019 inasema kaunti yetu ina watu 1,208,333. Asilimia nane ya hao ni kama 96,000. Sawa, wanaochangia damu si kila mtu, kwa hivyo chukua hiyo kama makadirio tu. Bado ni Mombasa peke yake kuwa na zaidi ya mara nne ya namba iliyosomwa kwa nchi nzima! Kwa hivyo kama namba zilidanganya, zilidanganya kwa kupunguza.

Wengine walikuwa wapi? Walikuwa kwa feri. Tulikuwa tunabanana pale Likoni kama kawaida, na 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu, tukarushiwa vitoa machozi tukiwa kwenye foleni. Kisha uniambie msee wa mjengo ataenda kupimwa kwa hiari, akijua akipatikana nayo anapelekwa kwarantini, na mwanzoni bili ilikuwa yake mwenyewe? Atakunywa ndimu na tangawizi alale. Madereva wa malori walipimwa sana kwa sababu wakati huo bila cheti hukuwa unapita mpakani. Anayepimwa ndiye anayehesabiwa, basi.

Vifo ndiyo stori ngumu zaidi. Ukifia hospitali, daktari anajaza fomu ya D1. Ukifia nyumbani, naibu wa chifu anajaza D2, na yeye si daktari. Anaandika kile familia imemwambia: pumu, presha, kifua. Kuna mzee wa mtaani kwetu Mtongwe alikohoa wiki moja, akaondoka alfajiri, na kabla ya alasiri tushamzika. Hakuna aliyempima. Sisemi ilikuwa korona. Nasema hakuna atakayejua, na yeye hayuko kwenye zile 341 wala popote.

Hapo usiruke useme maelfu walifichwa. Robo tatu ya Wakenya wako chini ya miaka 35, na hiki kirusi kilikuwa kinabeba wazee zaidi. Wengi wetu tulikipata tukadhani ni homa ya mvua. Kwa hivyo vifo vichache ni kweli kiasi, na kutohesabiwa pia ni kweli. Hata dunia nzima, WHO ilikadiria vifo milioni 14.9 vya ziada 2020 na 2021, wakati vilivyotangazwa vilikuwa kama milioni 5.4.

Kinachoniuma ni kwamba mitungi ya oksijeni na vitanda hufuata namba. Kwa sensa ile ya 2019, Likoni ilikuwa na watu 250,358, Kisauni 291,930. Mtaa ukionekana msafi kwenye karatasi, nani ataulizia vitanda vyake?

Wewe kama mlizika mtu 2020 au 2021, hebu toa kile cheti kabatini usome pale kwenye sababu ya kifo. Kimeandikwa nini, na nani aliyesema?