Walihesabu Meno, Hawakuuliza Analalaje

Oktoba ni mwezi wa hotuba nchini Kenya. Tarehe 10 ni Siku ya Afya ya Akili Duniani. Tarehe 14 ni Siku ya KDF, kwa kuwa ndiyo tarehe ambayo majeshi yetu yaliingia Somalia mwaka 2011. Tarehe 20 ni Mashujaa. Ndani ya siku kumi tunapata paredi, mashada ya maua na tarumbeta, na bado sijamsikia kiongozi akiziunganisha siku hizo tatu na kusema wazi kwamba kuna shujaa aliyerudi mzima mwili, akili ikabaki vitani.

Hapa Dundori jeshi si habari ya gazetini. Kambi ya Lanet iko chini yetu tu, ya Gilgil nayo si mbali. Siku ya usajili vijana wetu wanakimbizwa, wanavuliwa mashati, wanapimwa kifua na nyayo, wanafunguliwa midomo na kuhesabiwa meno. Anayefaulu anapelekwa Eldoret kufunzwa, na kijiji kinasherehekea. Miaka ikipita anarudi na begi lake, na mashine ile iliyomkagua hadi gego la mwisho haina swali hata moja la kumuuliza.

Basi anaketi hotelini mgongo ukutani, macho mlangoni. Matatu ikipiga mshindo kwenye kilima, yeye tayari yuko chini ya meza, chai imemwagika, na watu wanacheka. Nyumbani mkewe amejifunza kumwamsha kwa kusimama mbali na kuliita jina lake, kwa sababu siku alipomgusa bega alikabwa koo. Majirani hawakosi majibu. Amelogwa. Ni bangi. Pesa za Somalia zilimpanda kichwani. Damu za watu zinamlilia. Kila mtu ana maelezo, na hakuna hata mmoja aliyemfungulia mlango. Huyo mkewe, kwa taarifa yenu, ndiye muuguzi pekee ambaye jamhuri hii imempa, na halipwi hata nauli.

Nani aliwafunza wanajeshi hawa kunyamaza? Serikali yenyewe. Tarehe 15 Januari 2016 Al-Shabaab waliivamia kambi yetu ya El Adde, Somalia. Hadi leo Kenya haijatoa hesabu rasmi ya waliouawa. Rais Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia alisema ni kati ya 180 na 200. Jeshi letu likakana, wala halikutoa hesabu yake. Mwaka mmoja baadaye walivamia kambi yetu nyingine, Kulbiyow, na mabishano yakawa yale yale. Sasa jiweke mahali pa aliyetoka hai. Wenzako mliokula sahani moja wamegeuzwa siri ya taifa. Utaanzia wapi kumsimulia mkeo kifo ambacho serikali haikubali kukihesabu?

Nina shaka moja, na naitoa kwa sababu naandika karibu na mahali penyewe. Januari 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, wanajeshi wa Lanet waliasi, na Jomo Kenyatta akawaita Waingereza wawazime. Agosti 1982 wanajeshi wa anga wakajaribu kuipindua serikali ya Moi, na jeshi lao likavunjwa. Naamini woga ule haujatutoka. Wakubwa wetu wakiona wanajeshi kumi wameketi faragha wanazungumza, hawaoni wagonjwa, wanaona njama. Na kundi la wanajeshi wanaosaidiana kupona linahitaji kitu kile kile ambacho dola inakiogopa: watu waliozoea bunduki, wameketi pamoja, wanasema ukweli, na hakuna mkubwa anayewaandika majina.

Najua nitajibiwa. Kuna Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022. Kuna hospitali ya jeshi Nairobi. Kuna chama chao, DEFOCA. Sawa kabisa. Lakini hospitali ya jeshi ina geti, na getini yuko kijana mwenye sare. Mtu aliyefukuzwa kwa ulevi au kwa kutoroka kazini atapitaje hapo, na atasema yeye ni nani? Ulevi na utoro ni makosa chini ya Sheria ya KDF ya 2012, na ndiyo mambo mawili ambayo mtu asiyelala hufanya kwanza: hunywa ili alale, au hukimbia kinachomkosesha usingizi. Tumewashtaki wangapi kwa dalili za ugonjwa, kisha tukawaita watovu wa nidhamu? Hata kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka miwili, mpaka Jaji Lawrence Mugambi alipokifuta Januari 2025. Maana yake, kwa zaidi ya miaka 13 ya vita vya Somalia, mwanajeshi aliyeokolewa kutoka kwenye kamba angeweza kutoka hospitalini na kuingia mikononi mwa polisi.

Kazi ninayoipigania nimeiona ikifanyika bila jina wala bajeti. Wanaume wawili waliokuwa jeshini walikuwa wanachagua waru: kubwa gunia hili, za mbegu lile, zilizokatwa na jembe pembeni. Mmoja akasema, bila kuinua macho, kwamba wiki ile alikuwa amelala. Mwenzake akauliza, "Masaa mangapi, afande?" Manne. "Bila kukatika?" Bila. "Na dawa?" Nameza. Akamsogezea gunia jingine, wakaendelea. Ni hayo tu. Daktari mwenye shahada tatu angehitaji nusu saa kufika pale, na huenda asingefika, kwa sababu hangejua kwamba masaa manne bila kukatika ni ushindi.

Marekani ilijifunza jambo hili kwa kuaibishwa na wagonjwa wake. Mwaka 1970 wanajeshi waliotoka Vietnam walianza kukutana New York kuzungumza wao kwa wao, na madaktari wa akili Robert Jay Lifton na Chaim Shatan wakaenda kuketi nao. Mwaka 1979 serikali ikaanza kufungua vituo vya ushauri mitaani, nje ya hospitali, na mwaka 1980 ugonjwa wao ukaingizwa katika mwongozo rasmi wa madaktari wa akili. Waliodharauliwa ndio waliotangulia, wataalamu walifuata.

Lakini kwa nini twende mbali? Ukimwi ulipotumaliza, nani aliwarudisha kliniki waliokuwa wamekata tamaa? Si mabango. Ni mama anayeishi na virusi aliyekaa na mwenzake kwenye benchi akamwambia, hata mimi nameza hivi vidonge, tazama mwanangu. Kenya inaijua kazi hii. Imekataa tu kuwapa wanajeshi.

Wapo watakaosema tunataka kukabidhi akili za watu kwa wasiosoma. Hakuna anayemwomba mwanajeshi mstaafu adunge mtu sindano. Kazi yake ni kumtambua mwenziwe kabla hajaharibikiwa, kumsindikiza hadi hospitali kuu ya Nakuru, kumngoja kwenye foleni, na kumfuata tena Jumatatu asipoonekana. Hilo linahitaji mafunzo, hasa ya kujua ni wakati gani jambo limekuzidi na lazima umwite daktari. Linahitaji pia mtu wa kumsikiliza msikilizaji, maana anayesikiliza habari za milipuko usiku kucha huyarudia yake. Nimechoka na wanaosifu kujitolea. Kujitolea ni jina zuri la kutolipwa, na mtu mwenye kidonda kama hiki ndiye wa mwisho kufanyishwa kazi ya bure.

Pesa? Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa kijamii wapatao 100,000, kila mmoja akiahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Nairobi na nusu kutoka kaunti. Wanapita nyumba kwa nyumba na mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari. Sioni sababu wastaafu wawili au watatu katika wadi yetu wasiingie kwenye orodha hiyo hiyo.

Ninachodai ni chumba kimoja kisichokuwa kambi wala kituo cha polisi, muuguzi wa akili anayekuja kila wiki, na wastaafu wanaolipwa mwisho wa mwezi kama wafanyakazi wengine. Mlango uwe wazi kwa aliyestaafu kwa heshima na kwa aliyefukuzwa, na wake zao pia, na hakuna jina litakalopelekwa jeshini. Vikao vya umma vya bajeti ya kaunti vikiitishwa, tusiende kuomba barabara peke yake. Na mwakilishi wetu akijibu kwamba wanajeshi ni wa serikali kuu, mkumbusheni kwamba Katiba ya 2010 iliigatua afya, na kwamba mgonjwa huyu hayuko Kismayu tena. Yuko kwenye daftari lake la wapiga kura.