Maji Mengi, Kioo Kichafu

Hoja za mafundi wa "fungua yote" mmeshazisikia, hasa ninyi wenye ghorofa Mbezi Beach mnaosafishiwa madirisha kwa ile mipini mirefu inayopandisha maji hadi kwenye brashi. Wanasema kudhibiti mtiririko wa maji ni mbwembwe za kizungu. Nimewasikiliza mpaka mwisho. Sasa pimeni ninyi, maana bili ya maji ni yenu.

Wanaanza na hili: maji yakiwa mengi, kioo kinatakata upesi. Kwa kioo chenye vumbi la saruji ambacho hakijaguswa tangu nyumba ijengwe, nawakubalia, kiogesheni. Lakini kwenye usafi wa kawaida, kinachong'oa uchafu ni brashi. Maji hulainisha na kubeba tu, na kwa brashi ya kawaida lita moja na nusu kwa dakika inatosha. Pipa la lita 200 likitoa lita nne kwa dakika linakauka baada ya dakika 50. Likitoa lita moja na nusu, linapita saa mbili. Je, katika dakika hizo 50 fundi wao amemaliza madirisha ya saa mbili? Hajamaliza, kwa sababu kasi ya kazi ni ya mkono wake, na mkono hauendi mbio kwa kuwa koki imefunguliwa zaidi.

Hoja ya pili ndiyo wanayoipenda: maji ya kisima yanafaa, mradi yawe mengi ya kusuuzia. Wenye visima karibu na bahari wanajua maji yao yana ladha gani. Chukueni maji yenye gramu moja ya chumvi na madini kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema ulimi huanza kuyakataa. Kamwagieni kioo lita kumi, kamwagieni mia. Tone la mwisho litakalobaki lina chumvi ileile kama la kwanza. Jua la Dar linakausha maji, madini yanabaki, na asubuhi kioo kina madoa meupe. Ndiyo maana mipini hii ilibuniwa kwa maji yaliyochujwa hadi madini yakakaribia sifuri: unasuuza, unaondoka, kioo kinajikaukia bila kufutwa. Wao wakibanwa hapo wanajibu, "Madoa yakibaki, tunapanda ngazi tunafuta." Basi mpini ulinunuliwa wa nini? Faida yake kubwa ni kumweka fundi chini. Anayepanda ngazi kufuta alichoosha kwa mpini amefanya kazi mbili na kulipisha moja, au, kama nawajua, amelipisha zote mbili.

Wachache wao hukubali kuchuja, kisha hudai kwamba kisima hakiishi, kwa hiyo hakuna sababu ya kubana. Hapa hoja zao zinagombana zenyewe. Maji ya kisima hayaishi, sawa, lakini uwezo wa kichujio unaisha. Chembe zinazonasa madini hushiba kadiri madini yanavyopita: maji yenye miligramu 1,000 kwa lita huzimaliza takribani mara kumi upesi kuliko yenye miligramu 100. Anayechuja maji ya kisima ndiye hasa anayehitaji kubana koki kuliko wote. Na anayetegemea bomba la DAWASA hahitaji mahubiri. Mgao wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua, anaukumbuka.

Kuhusu simtanki juu ya mnara, eti presha yake inatosha na pampu ni gharama ya bure, nitakuwa mfupi. Kila mita kumi za kimo cha maji hutoa presha ya baa moja hivi. Simtanki ambalo maji yake yako mita saba juu, likilisha brashi iliyo mita sita, limebakiwa na mita moja tu ya kusukuma maji ndani ya mpira mwembamba. Yatatoka machozi. Ajabu ni kwamba wanaosema hivi ndio waliotuambia maji yawe mengi.

"Ukitaka kupunguza, kunja mpira kwa mkono." Kukunja kunafaa kusimamisha maji kwa muda mfupi fundi anapohama dirisha, ingawa koki ndogo kwenye mpini ni bora zaidi. Kupunguza ni jambo jingine. Ukibana njia huku mota inazunguka kwa nguvu zote, presha inapanda, swichi inaikata, presha inashuka, inawaka tena. Pampu inakatakata hivyo kutwa nzima, na mpira unapasuka palepale unapokunjwa kila siku. Kidhibiti cha umeme hupunguza mwendo wa mota yenyewe, na kikihisi njia imefungwa, huizima.

Wamebakiwa na hoja ya bustani: maji yanayomwagika yananywesha maua. Kabla ya kufika kwenye maua, yamepita kwenye wavu wa mbu na kushusha vumbi lake juu ya kioo kilichokwisha oshwa, yamejaa kwenye reli ya dirisha la aluminiamu, na yaliyozidi yameingia sebuleni.

Kidhibiti ni ghali, hilo kweli. Basi anzeni na koki na dumu la lita 20: wekeni brashi juu yake, angalieni saa. Likijaa kwa dakika tano, fundi wenu anamwaga lita nne kwa dakika. Mwambieni arudishe koki mpaka lichukue dakika kumi na tatu hivi.