SHAURI LA MKULIMA: Perege Si Wa Aina Moja

Mtu aendaye mnadani kununua ng'ombe humtazama meno, kwato na kiwele kabla ya kufungua mfuko. Lakini mtu huyo huyo akienda kununua vifaranga vya samaki, huambiwa, "Hawa ni perege," naye hulipa bila kuuliza neno. Jirani yangu mmoja alifanya hivyo. Baada ya miezi minane alipotoa maji bwawani, alikuta samaki wengi mno, na mkubwa wao hakuzidi kiganja. Chakula na jasho lake vilikuwa vimepotea.

Perege ni jina la ukoo mzima. Yafaa mfugaji awajue watatu hawa.

Wa kwanza ni perege wa Nile, yaani Oreochromis niloticus. Huyu hupendwa na wafugaji kwa sababu hukua upesi. Alama yake i mkiani: mistari myembamba iliyosimama, tena imepangwa sawasawa tangu shina la mkia hata ncha yake. Jike hubeba mayai kinywani.

Wa pili ni Coptodon zillii, ambaye zamani aliitwa Tilapia zillii. Kifua chake huwa chekundu, hasa wakati wa kuzaa. Mkia wake hauna mistari ile, na hata akiwa mzima hubaki na doa jeusi katika pezi la mgongoni. Hatii mayai kinywani. Huyataga chini, na dume na jike huyalinda pamoja. Hukua polepole kuliko yule wa kwanza.

Wa tatu ni Oreochromis leucostictus. Mwili wake ni wa giza, na ubavuni ana vidoa vyeupe. Mkiani hana mistari iliyopangwa.

Lakini jihadharini: vifaranga wa perege kwa kawaida huwa na doa jeusi mgongoni, hata wale wa Nile. Basi msihukumu kwa doa peke yake. Mwambieni mwuzaji awaonyeshe samaki wazazi, kisha tandazeni mkia mbele ya mwanga na kuutazama. Asiyekubali kuonyesha wazazi, mwacheni na samaki wake.

Tena msichanganye aina hizi katika bwawa moja. Ziwa Naivasha latufundisha. Mwaka 1925 alitiwa humo Oreochromis spilurus, na mwaka 1956 akatiwa leucostictus. Wawili hao wakazaliana, wakatokea machotara. Kwa hiyo wekeni wavu wenye matundu madogo mahali maji yanapoingilia, ili samaki wa mtoni wasijiingize kwa siri.

Kutazama mkia ni kazi ya dakika moja. Kutoa maji bwawani na kuanza upya ni hasara ya mwaka mzima.